Kidole Kilirudi, Kano Ikabaki Imekatika: Kisa cha Mchezaji wa Netiboli

Jibu la kisa hiki lilikaa siku 19 kwenye kundi la WhatsApp la timu, watu wakilicheka. Ni picha ya mkono wa kulia wa binti wa miaka 19. Kidole cha kati kimepinda pasipo mahali pake, na nyuma yake yanaonekana magoti ya wenzake waliomzunguka. Aliyeipiga aliipiga kwa mzaha. Sekunde chache baadaye kocha alikishika kile kidole, akakivuta, kikalia "ko!" na kikarudi. Kikafungwa kitambaa, robo ya tatu ikaendelea, na binti akacheza mpaka kipenga cha mwisho.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali moja ya wilaya huku pwani. Vidole vya wanamichezo hunijia kwa wingi, na karibu vyote huja vimechelewa. Magolikipa, wacheza wavu, wacheza kikapu, wote wana usemi mmoja: "Kiliteguka kidogo tu." Goti likiuma mtu hubebwa. Kidole kikiuma mtu hukipuliza, akarudi uwanjani.

Binti huyu (nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike) aliingia na mama yake, akatoa shikamoo, akauweka mkono mezani kama mtu anayeonyesha kitu kilichoharibika dukani. Hakulalamikia maumivu. Alilalamikia mkasi. Anasomea ushonaji, na tangu wiki iliyopita vidole vyake haviingii vizuri kwenye mkasi wa kukatia kitambaa kwa sababu kile cha kati hakinyooki. "Na huku mbele kinainuka," akasema, akigusa ncha.

Kwanza niliuliza historia. Siku ya pili baada ya mchezo alikwenda zahanati, akapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa akapige picha mahali penye mashine. Siku ya tano akapigwa eksirei ya kiganja kizima, akaambiwa hakuna mfupa uliovunjika. Maneno hayo yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyompoteza. Kidole kikafungwa pamoja na jirani yake, kile cha pete, akaambiwa akitumie taratibu. Nyumbani akapelekwa kwa mchuaji, jioni nne mfululizo, mafuta ya moto na kuvuta. Kufikia siku ya kumi maumivu yalikuwa yamepungua sana, kila mtu akafurahi. Ni wakati huohuo kidole kilipoanza kupinda.

Hapo palinishtua. Kiungo kilichoteguka kawaida huwa kibaya zaidi siku za mwanzo, kisha kikaendelea kupata nafuu. Kidole ambacho maumivu yanapungua huku umbo linaharibika kina kitu kilichokatika ndani, na mwili umeanza kukizoea kilivyo.

Nikamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: kilipotoka, mfupa wa mbele ulikwenda juu, upande wa mgongo wa kidole, au ulizama chini, upande wa kiganja? Akafikiri. "Sikumbuki, daktari. Niliona tu kimekaa vibaya." Kisha akacheka kwa aibu: "Lakini picha ipo."

Akaitafuta kwenye simu. Ilikuwa juu sana, ilibidi apandishe mazungumzo ya wiki tatu. Picha ya simu si eksirei, lakini hii ilitosha. Kichwa cha pingili ya kwanza, yaani mfupa wa kidole ulio karibu na kiganja, kilikuwa kimetokeza juu chini ya ngozi kama kokoto, na pingili ya kati ilikuwa imezama upande wa kiganja, imejizungusha kidogo.

Wengi wa wanaotenguka kifundo cha kati cha kidole hutenguka kwa upande wa pili: mpira unaipiga ncha, kidole kinapindishwa kwa nyuma, pingili ya kati inapanda juu ya ile ya kwanza. Kinachochanika hapo ni bamba gumu la upande wa kiganja, lile linalozuia kidole kisipinde kinyume. Ukikirudisha, kikatulia, na picha ikaonyesha kuwa hakuna kipande kikubwa cha mfupa kilichong'oka, basi kufunga na kidole jirani na kuanza kukikunja mapema ni tiba nzuri kabisa. Wengine huweka banzi mgongoni mwa kidole, likiwa limekunjwa nyuzi 20 au 30, ili kisinyooke kupita kiasi. Adui mkubwa hapo ni ukakamavu, kwa hiyo kukilaza kidole kimenyooka wiki nyingi ni kukiharibu.

Pingili ikizama chini, mambo yanageuka. Sehemu iliyo hatarini ni mgongoni: kano ya katikati, ule utepe unaokuja kutoka kwenye misuli ya mkono na kushikilia kitako cha pingili ya kati ili kukinyoosha kidole. Hii inataka kinyume kabisa: kifundo kinyooshwe, kilazwe kimenyooka usiku na mchana kwa wiki kadhaa, kisikunjwe hata mara moja. Kwa hiyo ule utepe uliokifunga kidole na jirani, ambao ungemsaidia mwenye jeraha la kawaida, kwake ulikuwa unakikunja kila aliposhika kitu. Kila alipokunja, ncha mbili za kano iliyokatika ziliachana.

Basi tukapima. Huwa naanza kwa kubonyeza kwa ncha ya penseli yenye raba, nukta moja baada ya nyingine: pembeni kulia, pembeni kushoto, upande wa kiganja, mgongoni. Uvimbe wa kidole huzunguka kote kama pete, hausemi kitu. Nukta ya maumivu ndiyo husema. Kwake pembeni palikuwa kimya na kiganjani kimya. Mgongoni, palepale kwenye kitako cha pingili ya kati, aliuvuta mkono. Ligamenti za pembeni, zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa, nilizijaribu kidole kikiwa kimenyooshwa kisha kikiwa kimekunjwa nyuzi 30; zilikuwa imara. Nikamwambia akunje ngumi nusu nione kama vidole vinapandana. Havikupandana.

Kifundo cha kati kilikuwa kimekaa kwenye nyuzi 35 za kukunja, na kwa nguvu zake mwenyewe hakuweza kukiongeza kunyooka. Mimi nilipokinyoosha polepole kwa mkono wangu, kilifika nyuzi 5 tu pungufu ya kunyooka kabisa. Tofauti hiyo ndiyo niliyoishukuru kuliko kitu kingine siku ile. Kifundo kisichonyooshwa na mwenyewe lakini kinanyooshwa na mwingine kina kano mbovu na njia iliyo wazi. Kisichonyooshwa hata na mwingine kimeshakaza, na safari yake ni ndefu mara mbili.

Kisha jaribio la Elson, lililoandikwa na daktari wa upasuaji wa jina hilo mwaka 1986, ambalo halihitaji chochote ila meza. Kidole hukunjwa nyuzi 90 kwenye ukingo wa meza, pingili ya kati ikining'inia. Mpimaji huweka kidole chake juu ya ile pingili ya kati na kumwambia mgonjwa asukume juu. Kano ya katikati ikiwa nzima, utasikia nguvu kwenye pingili ya kati, na ncha ya kidole itabaki imelegea, unaweza kuichezesha. Kano ikiwa imekatika, nguvu yote hukimbilia kwenye mikanda miwili ya pembeni inayokwenda mpaka nchani: pingili ya kati inasukuma kinyonge, na ncha inakakamaa na kuinuka. Kwake iliinuka kama kichwa cha mjusi aliyesikia kishindo.

Nilifanya kipimo kimoja zaidi kwa ajili ya mikanda hiyo. Nilikishika kifundo cha kati kikiwa kimenyooka, nikakunja kifundo cha nchani. Kwenye mkono wa kushoto kilikunjika nyuzi 60 bila ubishi. Cha mkono ulioumia kiligoma kwenye 20. Maana yake mikanda ya pembeni ilikuwa imeteleza kuelekea kiganjani na kuanza kufupika huko.

Jina la umbo hili limetoka Ufaransa, butonia, na maana yake ni tundu la kifungo. Kwa kawaida nikilieleza watu huitikia kwa heshima bila kuelewa. Binti huyu alilidaka kabla sijamaliza. Nilimchorea kano ya katikati na mikanda miwili pembeni, nikasema kano ikikatika mikanda hufunguka katikati, kichwa cha mfupa hujitokeza kwenye uwazi. Akamgeukia mama yake: "Mama, ni kama kifungo kimeshapita kwenye tundu. Sasa tundu limekibana kwa chini." Sijapata kueleza vizuri zaidi ya hapo, na tangu siku ile nalitumia hilo. Mikanda iliyoteleza chini ya kifungo haikinyooshi tena kifundo cha kati; inakikunja, huku ikiinua ncha. Kadiri anavyojitahidi kunyoosha ndivyo kinavyopinda.

Niliomba picha mpya. Ile ya siku ya tano ilikuwa ya mkono mzima, na mkono ukipigwa ubavuni vidole hupandana kama vitabu rafuni. Huwezi kuona mgongo wa pingili moja. Nikaandika kwenye karatasi: kidole cha kati peke yake, ubavu kamili. Mpiga picha alinipigia simu kuuliza kama kweli nataka kidole kimoja. Nikamwambia kweli. Nilikuwa natafuta kipande cha mfupa kilichong'olewa na kano mgongoni mwa pingili ya kati, maana kipande kikubwa kilichosogea kingempeleka kwa daktari wa upasuaji, na pia kuhakikisha mifupa miwili imekaa sawasawa uso kwa uso. Kipande hakikuwepo, na kifundo kilikuwa sawa.

Kuna umbo linalofanana na hili ambalo hudanganya: kifundo cha kati kimepinda kwa sababu bamba la upande wa kiganja lilichanika zamani na kupona kwa kovu fupi. Huyo hanyooshwi hata na mwingine, na ncha yake hukunjika bila shida. Vipimo viwili nilivyotaja vinatenganisha ndugu hao. Jeraha jingine ninaloliulizia kwa kila kidole, hata likiwa mbali na dalili, ni la aliyeshika jezi ya mpinzani kisha hawezi kukunja ncha, mara nyingi kidole cha pete. Huyo kano yake ya kukunjia imeng'oka na huenda imekimbilia kiganjani. Hangojei kliniki ya wiki ijayo. Anatakiwa kuonwa na mpasuaji ndani ya siku chache.

Nilimpigia daktari wa mifupa, tukakubaliana: kifundo bado kinanyooshwa, hakuna mfupa uliong'oka, wiki tatu hazijatimia, tujaribu bila kisu. Plastiki ya kutengenezea mabanzi ya vidole hatukuwa nayo. Tukatumia bandeji nyembamba ya plasta, tukamtengenezea hogo dogo kama bomba, kuanzia juu ya konzi (kifundo cha shinani mwa kidole) mpaka kabla ya kifundo cha nchani, kidole kikiwa kimenyooka. Kusema kweli, kwa mgonjwa kijana nalipenda hogo kuliko banzi la kuvua. Banzi la kuvua huvuliwa.

Wiki sita, usiku na mchana. Kifundo cha nchani kikaachwa wazi kwa makusudi, na kazi yake ilikuwa kukikunja mara kumi kila saa akiwa macho. Akiinamisha ncha, mikanda ya pembeni huvutwa mbele na kurudi juu mahali pake, na kano ya katikati nayo husogezwa kuelekea ilikotoka. Nikampa na sharti la hesabu: kifundo cha kati kikikunjwa mara moja tu, hata kwa bahati mbaya bafuni, tunaanza kuhesabu upya kutoka moja.

Kocha alikuja siku ya tatu ya hogo. Mtu mzuri, anayewalipia wachezaji nauli kutoka mfukoni mwake. "Daktari, mashindano ya mkoa ni mwezi ujao. Ni kidole tu. Si tukifunge vizuri acheze?" Nikamwambia, mwalimu, angekuwa beki wa mpira wa miguu ningemruhusu na hogo lake. Lakini mpira wa netiboli una gramu 400 mpaka 450 na unafika kwenye ncha za vidole kila dakika. Na ana sekunde tatu tu za kuuachia, hana muda wa kuuchagulia kidole. Akanyamaza. Kisha akauliza lililokuwa likimsumbua: "Mimi ndiye niliyekiharibu nilipokivuta?"

Nilimjibu nilivyoamini. Kano ilikatika kidole kilipotoka, si kiliporudi. Kukivuta bila kutazama ni bahati nasibu, hata hivyo, hasa kinapozama chini na kujizungusha: kichwa cha mfupa huweza kunaswa na mkanda wa pembeni, na ukivuta kwa nguvu mkanda unakaza kama kitanzi. Mwenye kujua hulegeza kwanza, kwa kukunja konzi na kifundo chenyewe, ndipo hukirudisha taratibu. Kosa kubwa zaidi lilikuja baadaye, na si lake: kila aliyemwona msichana alitaka kujua kama kimerudi na kama kimevunjika, basi. Mchuaji naye simlaumu sana. Alipewa kidole kilichovimba na kuambiwa "hakijavunjika."

Kosa langu lilikuja siku ya 16 ya hogo. Aliingia hogo likiwa mfukoni. Alilowanisha kwenye beseni usiku, akalimenya, kwa sababu asubuhi alikuwa na mtihani wa vitendo: kukata na kushona kola. "Nilikivua kidogo tu, daktari." Kifundo kilikuwa kimepoteza nyuzi 10 kati ya tulizozipata. Nilikuwa nimemuuliza kuhusu mashindano, kuhusu kocha, kuhusu usingizi. Sikuwahi kumuuliza mtihani ni lini, ilhali jambo la kwanza aliloniambia siku ya kwanza lilikuwa mkasi. Ningejua, ningeandika barua kwa mwalimu wake, au tungetengeneza hogo jembamba zaidi na kumpa mkasi wenye matundu mapana. Tondoo, ile kofia ya kidole ya kushonea, angeivaa bila shida, kwani ncha ilikuwa wazi.

Tukaanza upya kutoka moja. Barua niliiandika.

Safari ya pili ilikwenda. Kila wiki tulilibadilisha hogo kwa sababu uvimbe ulishuka na hogo likalegea, na jasho la pwani si la kuchezea. Wakati wa kubadilisha, mama ndiye aliyekishikilia kidole kimenyooka mezani, kwa umakini wa mtu anayeshika uzi kwenye tundu la sindano. Kifundo cha nchani kilitoka 20 kikafika 45 katika wiki ya tatu, na 60 mwishoni. Mashindano ya mkoa yakapita. Timu ilitolewa nusu fainali na binti akiwa benchi anashika chupa za maji.

Hogo lilipotoka, kifundo kilikuwa kimekaa nyuzi 5 pungufu ya kunyooka, naye akiweza kukishikilia hapo mwenyewe. Hapa wengi huharibu kwa haraka, kwa sababu kidole kilichofungwa wiki sita hakikunjiki na mgonjwa anaogopa kimekufa. Tulimkatia banzi lililopinda nyuzi 30, akawa anakunja mpaka liguse kisha ananyoosha, mara chache, mara kadhaa kwa siku. Muda uliobaki kidole kilirudi kwenye banzi la kunyoosha. Kila wiki tuliongeza nyuzi 15. Katika wiki ya tatu upungufu wa kunyooka uliruka kutoka 5 hadi 15, nikaelewa kwamba kovu limeanza kuvutika, tukarudi hatua moja na kungoja siku saba. Ukapungua tena. Usiku aliendelea kulala na banzi kwa wiki sita zaidi.

Alianza kudaka mpira laini wiki ya 9 tangu hogo la pili, na wiki ya 13 akacheza mechi nzima, kidole kikiwa kimefungwa utepe. Miezi sita baadaye nilimpima kwa mara ya mwisho. Kifundo cha kati kilipungua nyuzi 5 kunyooka na kilikunjika mpaka 95, mwenzake wa kushoto ukifika 105. Ncha ilikunjika sawa na ya kushoto. Kifundo chenyewe kilikuwa kinene, nikamwambia kinaweza kubaki hivyo mwaka mzima na pengine kisirudi kabisa. Pete ya kidole hicho anunue akiwa amepima. Akasema ataivaa kidole kingine.

Kuna jambo ambalo siku hizi hulifanya tofauti. Jaribio la Elson siku ya kwanza huweza kudanganya, maana mtu anayeumia hasukumi. Kwa hiyo kidole chochote chenye uvimbe mgongoni mwa kifundo cha kati, na ambacho sijui kilitokea upande gani, nakilaza kimenyooka, nakipima tena baada ya siku tano hadi saba, au daktari anakitia ganzi na tunakipima palepale. Siku tano za kunyooshwa hazimdhuru mwenye jeraha la kawaida. Siku tano za kukunjwa humdhuru mwenye jeraha hili.

Mwezi uliopita kocha yuleyule alinitumia picha mbili bila salamu, ubavu na juu, kidole cha pete cha mlinzi wake, uwanja bado unaonekana nyuma. Pingili ya kati ilikuwa imepanda juu. Nikamwambia asivute, amlete. Alifika baada ya dakika 40, daktari akakitia ganzi na kukirudisha, eksirei ya kidole peke yake ikawa safi, na upande wa kiganja ndio ulioumia. Huyo tulimfunga na kidole jirani, tukamwambia aanze kukikunja kesho yake asubuhi.